Meneja asiyeogopa habari mbaya

Lori la mwisho la majani chai huweza kufika kiwandani Nyamache, kaunti ya Kisii, usiku wa manane, hasa mvua ikiwa imenyesha na barabara za Bobasi zimegeuka utelezi. Majani yaliyochumwa asubuhi, yakasubiri kupimwa kituoni, kisha yakashindiliwa garini, huanza kupata joto yenyewe kwa yenyewe. Mfanyakazi wa zamu anayeyapokea hutia mkono ndani ya gunia na kujua mara moja. Yaliyoungua hubadilika rangi na kutoa harufu yake. Akiyaacha yapite, yatatandazwa kwenye vitanda vya kunyaushia pamoja na majani mazuri, yapulizwe hewa kwa muda wa saa 12 hadi 18, yaingie kwenye mashine za kukata na kusokota, yachachuke, yakaushwe, yachekechwe, yafungwe. Kilichoharibika mlangoni hakitengenezeki tena ndani. Wiki kadhaa baadaye mwonjaji wa mnada wa Mombasa atapiga funda, ateme, na bei ya chai ya Nyamache itashuka.

Akiyakataa, karani wa kituo atalalamika, dereva atalalamika, na mkulima mwenye ndugu kwenye bodi atapiga simu kabla ya mapambazuko. Inachukua takriban kilo 4.5 za majani mabichi kupata kilo moja ya chai iliyokamilika, kwa hiyo gunia linalorudishwa ni fedha ya mtu, na mtu huyo ana jina na jirani. Sasa mfanyakazi huyu, ambaye hana cheo cha maana na ambaye mkataba wake pengine ni wa msimu, atasema au atanyamaza?

Naamini jibu liko kwa meneja, hata kama meneja yuko kitandani saa hiyo. Mfanyakazi anakumbuka yaliyompata mwenzake aliyewahi kusema. Kama meneja alisimama naye mbele ya bodi, atasema. Kama meneja alimwita ofisini akamwambia amemletea balaa, gunia litapita. Faida ya kujiamini kwa kiongozi huonekana hapo chini, kwenye kinywa cha mtu mwingine, na ndipo mchambuzi anapopaswa kuanza kuitafuta.

Mazungumzo mengi kuhusu jambo hili, yale ya semina za hotelini na ya vitabu vinavyouzwa kando ya barabara Nairobi, huanzia kwenye sauti na mkao: simama wima, mtazame mtu machoni, usikubali kamwe kusema hujui. Ushauri huo unamfaa anayeenda kuhojiwa kazi. Kwa watu watakaofanya kazi chini yake, faida yake ni ndogo mno.

Gusii, nyumbani kwa Nyamache, kuna tatizo la ziada. Mwanaanthropolojia Robert LeVine alianza utafiti wake huko katikati ya miaka ya 1950, akatoa pamoja na Barbara LeVine kitabu kuhusu jamii waliyoiita Nyansongo mwaka 1966, kisha akarudia mada hiyo pamoja na wenzake katika kitabu kuhusu malezi cha mwaka 1994. Moja ya mambo aliyoyaona ni kwamba akina mama wa Kigusii hawakuwa na desturi ya kuwasifu watoto wao. Sifa, kwa maoni yao, humfanya mtoto ajione na akose utii. Aliona pia kwamba watu wazima hawakupenda kutangaza mafanikio yao, maana anayeyatangaza anaikaribisha husuda. Miaka mingi imepita na mengi yamebadilika; leo vijana wa Ogembo na Nyamache wanajianika mtandaoni kama vijana wa kwingine kokote. Lakini ndani ya kikao cha wakulima, meneja anayejitapa bado husikilizwa kwa tabasamu ambalo si la kumsifu. Watu wanangoja waone atafanya nini stima ikipotea majani yakiwa katikati ya kuchachuka.

Nadhani wazee hao walikuwa na hoja, ingawa mimi nisingelea mtoto bila kumsifu. Majigambo na kujiamini huenda pamoja mara chache kuliko tunavyodhani. Mwaka 2014 watafiti watatu wa Marekani, Nathanael Fast, Ethan Burris na Caroline Bartel, walichapisha utafiti uliogusa jambo hili moja kwa moja. Waliwachunguza mameneja wa kampuni kubwa ya mafuta pamoja na wafanyakazi wao, kisha wakafanya jaribio la kulithibitisha waliloliona. Mameneja waliojihisi hawaimudu kazi ya kuongoza ndio walioomba maoni kwa nadra, na walio chini yao wakazidi kunyamaza. Katika jaribio, waliotiwa hisia hiyo ya kutomudu walielekea kumshusha thamani mfanyakazi aliyeleta pendekezo. Walijilinda.

Hapo mtazamo wa kawaida unapinduka. Tumezoea kudhani kwamba bosi asiyesikia ni bosi anayejiamini kupita kiasi. Wapo wa namna hiyo, na tutamfikia mmoja. Ila bosi wa kila siku asiyesikia, yule anayejaa katika ofisi za kaunti, shule na viwanda vyetu, anaziba masikio kwa sababu kila pendekezo analisikia kama shtaka. Fundi wa boila akisema kuni ni mbichi, yeye anasikia kwamba zabuni ya kuni aliisimamia vibaya. Naibu akileta ratiba bora ya malori, anasikia kwamba naibu anakitaka kiti. Huyu ndiye anayepaza sauti zaidi.

Amy Edmondson wa Harvard aliligusa jambo hilo kwa upande wa pili. Katika miaka ya 1990 alichunguza makosa ya kutoa dawa katika wodi za hospitali, akitarajia kwamba timu zinazoongozwa vizuri zitakuwa na makosa machache. Takwimu zikamletea kinyume: timu nzuri ziliripoti makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba timu hizo hazikukosea zaidi ya nyingine, ila hazikuyaficha makosa. Mwaka 1999 akatoa utafiti mwingine, safari hii wa timu 51 za kampuni moja ya viwanda, ulioonyesha kwamba pale watu wanapojisikia salama kusema, timu hujifunza na kazi huenda vizuri. Ukiyachukua matokeo hayo ukaingia nayo kiwandani, utakisoma kitabu cha zamu kwa jicho jingine. Kitabu kisicho na tatizo lolote kwa mwezi mzima, katika kiwanda chenye boila la kuni, mashine nzee na umeme wa kusuasua, kinapaswa kumnyima meneja usingizi.

Faida nyingine za kiongozi anayejiamini zinafahamika zaidi, nami nitazipitia upesi. Huamua mapema, na katika kazi ya chai saa moja inaweza kuamua shehena nzima, kwa kuwa majani yakishapita muda wa kuchachuka hayasubiri kikao. Hueleza sababu ya uamuzi wake, kwa hiyo zamu ya usiku inaweza kuamua kwa mantiki ileile bila kumpigia simu. Hukiri anapokuwa hajui, na kumwita anayejua. Na hukubali naibu hodari. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana, maana kikosi cha kazi hukua au kudumaa kwa namna kinavyowatendea watu wake wanaotaka kupanda. Meneja mwenye hofu huajiri mtu wa kumwitikia, na baada ya miaka michache ofisi nzima inaitikia.

Kujiamini huku kunatoka wapi, basi? Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyeweka msingi wa utafiti wa suala hili mwaka 1977, alitaja vyanzo kadhaa: kuwahi kuifanya kazi na kuiweza, kuwaona wengine kama wewe wakiiweza, kutiwa moyo kwa maneno, na namna mtu anavyozisoma hali za mwili wake, kama moyo kwenda mbio. Chenye nguvu kuliko vyote ni cha kwanza. Maneno ya kutia moyo, ambayo ndiyo bidhaa ya semina, yana nguvu ndogo na huyeyuka mtu anapogonga mwamba wa kwanza. Meneja aliyewahi kukesha kwenye kikaushio na kumfuata mkulima shambani hahitaji kuambiwa anaweza.

Lakini saikolojia inaishia katikati ya njia. Inaeleza mtu anavyojiona, haielezi atapatwa na nini akisema kweli. Kwa hilo ni afadhali turudi nyumbani, kwenye historia ya watumishi wa umma wa Kenya.

Ukimtaka mtu wa Gusii akutajie kiongozi aliyejiamini, jina la Simeon Nyachae halitachelewa. Alizaliwa Nyaribari mwaka 1932, mwana wa Chifu Mkuu Musa Nyandusi. Alipanda katika utawala wa mikoa hadi kuwa mkuu wa mkoa wa Bonde la Ufa na baadaye wa Kati, na katikati ya miaka ya 1980 akawa Katibu Mkuu wa Serikali, mtumishi wa umma mwenye cheo cha juu kuliko wote. Mwaka 1991 mtafiti wa Marekani David Leonard alitoa kitabu kuhusu mameneja wanne wa Kenya aliowaona kuwa waliifaulisha kazi ya maendeleo vijijini. Nyachae ni mmojawapo. Wengine ni Harris Mule wa Wizara ya Fedha, Ishmael Muriithi wa huduma za mifugo na Charles Karanja, aliyeiongoza KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, katika miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa mtu wa Nyamache, kitabu hicho kina mambo mawili ya kwake: mwana wa Nyaribari, na shirika linalosimamia chai yake.

Wanaume hao wanne hawakufanana kwa tabia. Kinachowaunganisha ni kwamba walikuwa tayari kuhatarisha nafasi zao kwa ajili ya kazi waliyoiamini, na kwamba kila mmoja alikuwa na kitu cha kuegemea. Chukua mpango wa kulenga maendeleo wilayani, ulioanza mwaka 1983 na ambao Nyachae alikuwa miongoni mwa wasukumaji wake wakubwa. Uliwataka maafisa wa kilimo, maji, afya na barabara waliokuwa wakitii wizara zao Nairobi wakae meza moja ya kamati ya wilaya na kupanga pamoja. Makatibu wa wizara hawakuwa na sababu ya kuufurahia, kwa kuwa ulikuwa ukichota mamlaka yao. Afisa mdogo wa maji wa wilaya hangeweza kumwambia katibu wake kwamba kamati imeamua vingine, isipokuwa akijua huko juu kuna mtu atakayelibeba hilo. Mpango wenyewe ulikuwa na dosari zake, na siasa za wilaya ziliuingilia. Bado ni mfano mzuri wa kiongozi mmoja anayewapa mamia ya watu asiowajua nafasi ya kuamua.

Karanja alikuwa na kazi ngumu kwa namna nyingine. Chai ya wakulima wadogo, iliyokabidhiwa kwa KTDA mwaka 1964, ilitegemea kanuni moja ndogo: majani mawili na chipukizi. Anayeilinda kanuni hiyo ni karani wa kituo, kijana wa kijiji anayepima majani ya shangazi yake. Kila shina gumu analoliacha lipite linampendeza shangazi na kumwumiza kila mkulima wa kiwanda kile. Kanuni hiyo hudumu tu kama kila ngazi, kutoka kwa karani hadi kwa meneja mkuu, inajua kwamba ngazi iliyo juu yake haitatikisika mwanasiasa akipiga simu. Sifa ya ubora wa chai ya wakulima wadogo wa Kenya ilijengwa juu ya mnyororo huo wa watu wasiotikisika.

Hapa kuna jambo ambalo hupitwa kimya. Nyachae alikuwa tajiri. Ripoti ya Tume ya Ndegwa ya mwaka 1971 iliwafungulia watumishi wa umma mlango wa kufanya biashara, na yeye aliutumia vizuri. Mtu mwenye mashamba na biashara haogopi barua ya kuachishwa kazi kama anavyoiogopa mwenye mkopo wa benki na karo ya watoto watatu. Kujiamini kwake kulikuwa na akiba nyuma yake, tena na jina la baba. Wakosoaji wa Ndegwa wana haki ya kusema kwamba mlango uleule uliingiza mgongano wa maslahi ambao Kenya haijapona hadi leo. Hoja zote mbili ni kweli: uhuru wa kusema hapana uliwafikia baadhi ya watumishi kwa njia iliyowaharibu wengine wengi.

Uhuru huo ulijaribiwa tena mwaka 1998, Nyachae akiwa Waziri wa Fedha. Alisema hadharani kwamba hazina ya serikali ilikuwa tupu, jambo ambalo serikali ya wakati huo haikuzoea kulisikia kutoka kinywani mwa waziri wake. Mwezi wa Februari 1999 akahamishiwa wizara nyingine, naye akajiuzulu badala ya kwenda. Mtu anaweza kukisia walivyojisikia wachumi wa Hazina: kwa muda wa mwaka mmoja hesabu walizoziandaa zilikuwa na mtu wa kuzisema, kisha mtu huyo akaondoka. Timu inayotegemea ujasiri wa mtu mmoja hufaidika anapokuwepo tu. Nyachae aliaga dunia tarehe 1 Februari 2021, na wanaomkumbuka Gusii hukumbuka ukali wake kama wanavyokumbuka kazi zake.

Ukali unatuleta kwa jirani yake wa kaunti ya Nyamira, Fred Matiang'i, mtu wa Borabu. Alipoingia Wizara ya Elimu mwishoni mwa mwaka 2015, wizi wa mitihani ulikuwa umezoeleka. Machi 2016 bodi ya baraza la mitihani ikavunjwa, wakuu wa shule wakafanywa wasimamizi wa vituo wanaowajibika wenyewe kwa karatasi, na waziri akaanza kutokea shuleni bila taarifa. Watahiniwa waliopata alama ya A katika mtihani wa sekondari wa KCSE walikuwa zaidi ya 2,600 mwaka 2015. Mwaka 2016 walikuwa 141. Kwa mwalimu mkuu mwaminifu, aliyekuwa akibanwa na wazazi na hata bodi ya shule yake atafute karatasi mapema, waziri asiyetikisika alikuwa ngao. Angeweza kusema haiwezekani, na kila mtu angemwelewa.

Mtu yuleyule, akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, alitozwa faini ya shilingi 200,000 na Mahakama Kuu mwezi wa Machi 2018, pamoja na Inspekta Jenerali wa Polisi na afisa mkuu wa uhamiaji, kwa kukiuka maagizo ya mahakama katika suala la Miguna Miguna, mwanasiasa wa upinzani. Wafuasi wake na wapinzani wake wamelibishania hilo kwa miaka na sitawapatanisha hapa. Ninalotaka kuuliza ni swali dogo la utawala: katika ofisi ya namna hiyo, wakili wa serikali anayeona agizo la mahakama likikiukwa humwambia nani, na kwa sauti gani? Mtihani ulikuwa na kanuni wazi na adui anayejulikana, na uthabiti wa juu uliwapa walio chini uwezo wa kutenda. Suala la Miguna lilikuwa la sheria na lilihitaji mtu wa chini amzuie wa juu. Uthabiti uleule ulikuwa na kazi mbili tofauti, na ni moja tu iliyouhitaji.

Meneja wa kiwanda cha chai hana akiba ya Nyachae wala mamlaka ya waziri. Huko Nyamache, kama katika viwanda vingine vya KTDA, kampuni ni ya wakulima, na wakurugenzi huchaguliwa na wakulima. Meneja naye anatoka katika kampuni ya usimamizi ya KTDA na anaweza kuhamishwa. Ana mabwana wawili. Mkurugenzi anataka kura za kanda yake, kwa hiyo anataka kituo kipya, gari la ziada, kijana fulani aajiriwe. Nairobi inataka gharama zishuke. Mvutano huo hautatuliwi kwa mtu kusimama wima na kutazama watu machoni.

Kisha inakuja bonasi. Kwa miaka kadhaa sasa wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa, Kisii na Nyamira wakiwemo, wamepokea bonasi ndogo kuliko wenzao wa mashariki, na hasira imekuwa kubwa. Sababu ni nyingi na hazitoshi katika kaulimbiu: bei za mnada za kanda hizi mbili hazilingani, ubora wa majani unatofautiana, na bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo iliyowekwa Julai 2021 ilifanya chai isiyofika bei hiyo ikae ghalani bila mnunuzi hadi ilipoondolewa mwaka 2024. Mtu wa kwanza kuulizwa na mkulima ni afisa wa nyanjani, au karani wa kituo. Kama meneja amewaita kabla ya tangazo, akawapa hesabu zote, pamoja na zile zinazokionyesha kiwanda kilipoteleza chenyewe, watasimama mbele ya watu wakaeleza. Kama amewaficha kwa kuogopa taarifa isivuje, watakwenda kituoni mikono mitupu, na matusi yatawaangukia wao. Nimewahi kusikia maafisa wa namna hiyo wakisema afadhali waugue siku ya bonasi.

Kuficha hesabu kunaonekana kama busara ya kiofisi. Kwa hakika ni hofu, na timu huisoma hivyo upesi. Meneja anayeweka wazi bei ya mnada ya kila wiki ukutani, iwe nzuri au mbaya, amejiweka katika hatari ya kuulizwa, lakini amewapa watu wa mashine sababu ya kujali kinachopita mikononi mwao. Kwa kuwa anaweza kuhamishwa wakati wowote, jambo hilo linamgharimu zaidi kuliko lingemgharimu mwenye akiba. Ndiyo maana suala hili haliwezi kuachiwa semina. Anayetaka mameneja wanaojiamini ana wajibu wa kuwapa muda wa kutosha kituoni, sababu iliyoandikwa kila wanapohamishwa, na njia ya kukataa shinikizo la mkurugenzi bila kuitwa mkaidi.

Wanaowapima mameneja hao huuliza juu ya kilo, gharama ya kuni na bei ya mnada, na ni haki waulize. Wangeweza kuongeza maswali mawili ambayo majibu yake hayahitaji mtaalamu: ni manaibu wangapi waliopita chini yake ambao leo wanaendesha viwanda vyao wenyewe, na katika kikao chake cha mwisho, nani wa cheo cha chini alimpinga, na mtu huyo yuko wapi sasa.